Mkono Uliobaki Begani kwa Kessel

Vernell Gaskins aliendesha gari madirisha yote yakiwa yamepandishwa, ingawa ilikuwa Juni na kiyoyozi kilikuwa kimekufa tangu kabla ya Pasaka. Hakuwa na namna. Kwenye kiti cha nyuma alikaa baba wa babu yake, Orrin Gaskins, na Orrin alikuwa wa karatasi. Dirisha likifunguka upana wa kidole tu, angepeperuka mpaka mtoni.

Alimkuta asubuhi hiyo amenata kwenye wavu wa mlango wa mbele, uso umetazama ndani. Mwanzoni Vernell alidhani ni tangazo la pizza, maana vijana wa pizza huchomeka matangazo popote, akaenda kulibandua alitupe. Ndipo alipoyaona masikio. Masikio yale yaliyotokeza kama vishikio vya kikombe yalikuwa kichwani kwa baba yake, yalikuwa kwa kaka zake wawili, na Vernell mwenyewe ameyaficha chini ya nywele tangu alipokuwa darasa la nne. Akamshika chini ya makwapa, akambandua taratibu kuanzia juu, jinsi mtu anavyobandua karatasi ya keki, akamwingiza sebuleni.

Orrin alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alivaa kofia ndogo ya ukingo mfupi na shati la kufunga kwa kamba shingoni, na kifuani palichorwa gurudumu. Kila kitu chake kilikuwa rangi moja ya kahawia, hata meno. Mgongoni hakuchapwa kitu, palikuwa peupe palipochakaa, na begani lilimganda ganda la kiazi lililokauka. Mkono wake wa kulia uliishia kwenye kifundo. Ulikuwa umekatwa sawasawa, bila damu, kama ukingo wa bahasha.

"Babu, umekaa vizuri huko nyuma?" Vernell aliuliza walipokuwa wanasubiri treni ya mizigo ipite.

"Nimekaa, mama," alijibu Orrin. Alimwita mama kwa sababu alizidiwa naye umri kwa karibu nusu karne, na alikuwa amelelewa kwa adabu.

"Na muda wote huu ulikuwa wapi?"

"Jalalani. Juu yangu palikuwa na friji mbili. Mwezi uliopita wamezihamisha."

"Na mkono?"

"Mkono uko kwa daktari wa meno. Begani kwa Kessel."

Vernell hakuuliza Kessel ni nani. Kila mtu mjini Pell, Ohio, alimjua Emil Kessel, mdakaji wa timu ya besiboli ya Kiwanda cha Magurudumu, na kila mtu aliijua ile picha. Ilichapwa kwa jiwe lililopakwa wino, zamani, siku ambazo wachezaji walidaka mpira kwa viganja vitupu, na duniani haijulikani nyingine kama hiyo. Ilikuwa mali ya Daktari Wendell Ostrander, na baada ya wiki chache ingetundikwa kwenye maonyesho makubwa ya maktaba. Ilionyesha wanaume wanane wamesimama mstari mmoja.

Sasa, besiboli huchezwa na watu tisa. Hilo hata mtoto wa chekechea wa Ohio analijua. Wanachama wa klabu ya wakusanyaji wa picha za besiboli walilijua pia, tena walikuwa wamelijadili kwa kina. Mmoja aliandika kwenye jarida la klabu kwamba aliyekosekana, yaani mrushaji wa mpira, aliumwa tumbo siku ile. Mwingine akamjibu, kurasa nyingi, kwamba mrushaji ndiye aliyekuwa mpiga picha. Halafu palikuwa na ule mkono begani kwa Kessel, vidole vinne na ncha ya gumba, ambao haukuwa wa mtu yeyote kati ya wale wanane. Klabu ilikaa kikao, ikala keki, ikaamua kwamba ile ni glavu iliyotundikwa ikauke.

Upande wa pili wa mji, familia ya Gaskins ilikuwa na maelezo mafupi zaidi. Walisema mrushaji alikuwa babu yao, na kwamba alirusha majira mawili ya kiangazi mpaka mabwana wenye timu walipokutana hotelini, wakakubaliana kwamba watu weusi wasicheze tena na weupe. Kwa kusema hivyo walichekwa vizazi vitatu. Baba yake Vernell aliwahi kulisema darasani akaambiwa akae chini. Kwa hiyo Vernell alipowasha tena gari, treni ilipokwisha kupita, alikuwa anataka jambo moja tu: babu arudishwe mahali pake kwenye mstari, na jina lake liandikwe chini yake kama walivyoandikiwa wenzake, kabla maonyesho hayajafunguliwa.

Mlango ulifunguliwa na Lorraine Ostrander, mke wa daktari. Lorraine alifundisha darasa la tatu miaka ambayo Vernell alikuwa mpishi wa shule hiyohiyo, na walikuwa wanaelewana vizuri, ingawa hakuna aliyewahi kumwalika mwenzake nyumbani.

"Vernell! Mwenzangu, bado unazipika zile biskuti?"

"Nazipika. Nimekuja na mtu, Lorraine."

"Namwona. Afute miguu basi, nimepiga deki sasa hivi."

"Akifuta miguu wino utatoka."

"Haya, apite hivyohivyo."

Lorraine alimtazama Orrin kuanzia kofia mpaka viatu. Kisha akanyoosha kidole, akalibandua lile ganda la kiazi kwa ukucha, akalitia mfukoni mwa aproni yake yenye maua ya njano. Akaita kuelekea ngazi za chini: "Wendell! Kuna mtu wako hapa!"

Daktari Ostrander alikuwa kwenye chumba cha chini ya nyumba, ambako ndiko alikoishi hasa tangu alipostaafu. Hakuwahi kucheza besiboli. Utotoni alikuwa na pumu. Wala hakuitazama kwenye televisheni, alisema wachezaji wa siku hizi wanatembeatembea mno. Alichokipenda ni karatasi zake. Alikuwa na ratiba za mechi zenye matangazo ya bia na ya mikanda ya kubana matumbo ya akina mama, alikuwa na picha za wachezaji zilizotolewa ndani ya pakiti za sigara, zenye pembe kali za kuchoma kidole, na kila moja aliifungia ndani ya kasha la plastiki ngumu lenye alama juu yake, kuanzia moja mpaka kumi. Kitu kikishafungwa humo hakiguswi tena. Pembeni ilinguruma mashine ya kukausha hewa, na kwa maji iliyoyakusanya, Lorraine alimwagilia maua ya kibarazani.

Waliteremka wote watatu. Daktari akavaa glavu nyeupe za pamba, akamgeuza Orrin upande, akamwinua kuelekea taa.

"Ana madoa," alisema. "Goti hili limekunjwa. Mgongoni gundi. Hapa panya amepita."

"Anaitwa Orrin Gaskins," alisema Vernell. "Na salamu hutangulia, Daktari."

"Hujambo, bwana," daktari alimwambia Orrin, bado anayachungulia masikio kwa kioo cha kukuzia.

"Sijambo, daktari. Nimefuata mkono wangu."

Picha ilikuwa ukutani, peke yake, kwenye fremu ya mwaloni, na chini yake imebandikwa alama yake, nane kwa kumi. Orrin akaanza kuiendea. Hewa ya chumba kile ilikuwa kavu sana, na karatasi husinyaa kwenye ukavu, kwa hiyo kila hatua alipungua, hata alipoifikia fremu akawa na kimo kilekile cha wenzake. Lorraine alimpandisha kwenye kiti. Kwa kuwa daktari aliishikilia plastiki ya picha kwa mikono miwili ili isifunguliwe, Orrin aliupachika mkono wake juu ya plastiki, pale ukingoni mwa picha. Kifundo na kiganja vikakutana kama jino na ufizi wake.

Kwa kitambo walikuwa tisa. Kessel alilegeza bega kidogo, kama mtu aliyebeba kitu kwa niaba ya mwenzake na sasa mwenyewe amerudi. Wale wengine saba waliendelea kutazama mbele. Walikuwa wamezoea.

"Tazama," alisema Vernell. "Timu imetimia."

"Wamependeza," alisema Lorraine.

"Usimkandamize!" daktari alimpigia kelele Lorraine, aliyemshikilia Orrin asianguke. "Ana gundi huyo! Atanata!"

Akamwondoa Orrin kwa koleo dogo, la aina ile ya kung'olea meno ya watoto, akamlaza mezani juu ya kitambaa. Kisha akampigia simu mwenyekiti wa klabu.

Mwenyekiti, Chet Dombrowski, alifika kabla kahawa haijapoa. Alikuwa amestaafu kazi ya kuuza bima, ana kioo cha kukuzia kinaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na hakuna nyumba aliyoingia asiulize kuna keki gani. Ilikuwepo ya matofaa. Akala kipande amesimama, anamzunguka Orrin.

"Kipande kizuri," alisema. "Tatu kwa kumi. Tukiwa wakarimu, tatu na nusu."

"Siyo kipande," alisema Vernell. "Ni mrushaji wenu. Mmemtafuta miaka yote na majarida yenu, mara anaumwa tumbo, mara anapiga picha. Huyo hapo. Mrudisheni kwenye mstari wake."

Chet alimeza kwanza. "Mama Gaskins, nikueleze kwa upole. Picha iliyoungwa inaitwa picha iliyotengenezwa. Ikishatengenezwa, nane inakuwa moja. Hiyo ndiyo kanuni, hatukuitunga sisi."

"Nani aliitunga?"

"Klabu."

"Na wewe ni nani klabuni?"

"Mwenyekiti."

"Haya. Na picha iliyokatwa inaitwaje?"

Chet alimtazama daktari. Daktari aliitazama mashine ya kukausha hewa.

"Mwambie, Wendell," alisema Lorraine kutoka kwenye ngazi. "Alimkata kwa kisu cha kliniki, meza ya jikoni kwangu, siku ninamenya viazi vya saladi. Alikuwa amenunua fremu kwanza, ikawa nyembamba. Mabaki nikayakunja na maganda."

"Nilisafisha ukingo," alisema daktari. "Ukingo ulikuwa na doa."

"Doa gani?" aliuliza Vernell.

"Doa la maji."

Vernell aliinama juu ya meza, akamkagua Orrin polepole, mbele na nyuma. "Nimeona gundi. Nimeona panya. Doa la maji silioni."

"Halikuwepo," alisema Lorraine.

Chet akaomba kipande kingine cha keki, akasema kwamba mambo ya jikoni kwa mtu ni ya faragha, na klabu haina haja ya kuyaandika.

"Basi jina," alisema Vernell. "Msimuunge, sawa. Lakini mwandikieni jina."

"Jina linataka uthibitisho."

"La Kessel mlithibitishaje?"

"Alikuja mjukuu wake, mwanamke mwaminifu sana. Akaiangalia picha akasema, huyu ni babu."

"Na mimi nakwambia, huyu ni babu."

"Hiyo sasa," alisema Chet kwa huruma, "ni hadithi ya familia."

Vernell alizishika nywele zake kwa mikono miwili, akazivuta nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu darasa la nne, masikio yake yakaonekana mbele za watu. Yalisimama kama vishikio vya kikombe, sawa kabisa na yale yaliyolala juu ya kitambaa. Daktari aliyatazama moja baada ya jingine kwa kioo.

"Yanafanana mno," alikiri.

"Masikio hayana tarehe," alisema Chet.

Hapo radi ikapiga upande wa mto. Kupitia kidirisha cha chini waliona matone ya kwanza yakidondoka kwenye maua ya Lorraine. Chet alisema lile gari la Vernell analijua, mlango mmoja umefungwa kwa waya, na mtu wa karatasi hatafika nalo salama hata kwenye njia ya reli. Lakini klabu ingeweza kumpa kasha, bure, na kumweka kwenye maonyesho pamoja na timu. Karibu na timu. Suala la jina lingeangaliwa.

"Unasemaje, Babu?" aliuliza Vernell.

Orrin aliinua kichwa kutoka mezani. "Mama, mvua siiwezi. Mradi niwe karibu na mkono."

"Karibu kabisa," alisema Chet.

Vernell alikaa juu ya ngazi ya mwisho. Alifikiria wavu wa mlango wake, paa lake linalovuja juu ya kochi, na upepo. Akamtaka Chet aseme tena mbele ya Lorraine, karibu kabisa, na Chet akasema. Lorraine akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Ndivyo Orrin alivyoachwa.

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi moja, wiki chache baadaye. Palikuwa na soseji kwenye mkate na maji ya limau yenye barafu, na mtoto wa mtu alipiga tarumbeta. Hewa ya maktaba ilikuwa na unyevu wa kawaida, kwa hiyo Orrin alikuwa amerudia kimo chake cha mtu mzima, na kasha lake lilikuwa refu kama mlango. Lilisimamishwa kwenye ukuta uliotazamana na picha, kati ya bomba la maji ya kunywa na choo cha wanaume.

"Hapa ndipo karibu?" aliuliza Vernell. Alivaa kofia ya kanisani, ya bluu, na nywele alizibana nyuma.

"Ni chumba kimoja," alisema Chet. "Tuliahidi, tumetimiza."

Chini ya picha kadi za maelezo zilipangwa moja kwa kila mtu. Ya mwisho ilisema: Emil Kessel, mdakaji, begani, glavu. Chini ya Orrin palikuwa na kadi moja: Mtu asiyejulikana. Kipande. Tatu kwa kumi. Kasoro: mkono haupo.

Mama mmoja aliyekuja na wajukuu alisoma kadi, akamtazama Orrin, akauliza kwa sauti huyu alikuwa nani hasa. Swali lilikuwa la mtu yeyote, lakini Orrin ndiye aliyejibu. Midomo ilifunguka, ikafunga. Kasha lilikuwa la daraja la juu, halipitishi vumbi, mwanga mkali, wala sauti.

"Anajitaja," alisema Vernell. "Fungueni kidogo mumsikie."

"Hata tukimsikia," Chet alimweleza yule mama, "kifaa hakiwezi kujishuhudia chenyewe. Kila kitu kingejiita adimu."

Yule mama aliona hilo lina maana, akawapeleka wajukuu kwenye soseji. Baadaye Daktari Ostrander alitoa hotuba fupi kuhusu subira, na kuhusu jinsi pembe nzuri zinavyopatikana kwa shida. Alipigiwa makofi. Lorraine, aliyeshika sinia la limau, hakupiga, lakini alikuwa ameshika sinia.

Habari ilienea kwa wakusanyaji wa miji mingine. Klabu ikatoa ushauri kwamba mwenye picha iliyopunguzwa asifunge komeo la mlango wa wavu, na awe na kasha tayari, waliokatwa wakirudi. Mtu wa Toledo aliandika kushukuru, akasema amempata mwanamke na nusu ya farasi.

Vernell alimwendea mkuu wa maktaba, akajibiwa kwa heshima kwamba kadi zimekwisha chapwa, na toleo jipya la kadi huenda likalizingatia jina. Aliuliza lini. Akapewa limau.

Siku iliyofuata alikuja na kiti chake cha kukunja na kalamu nene nyeusi, ya kuandikia maboksi. Akakiweka kiti mbele ya bomba la maji. Akasimama mbele ya kasha, akaandika juu ya plastiki, usawa wa kifua, kwa herufi za mwandiko aliofundishwa shule: ORRIN GASKINS, MRUSHAJI. Kutoka ndani Orrin aliyaona maneno yamegeuka, jinsi herufi zinavyokaa juu ya jiwe kabla ya kuchapwa, na akayasoma bila taabu. Alitabasamu kwa yale meno ya kahawia. Watoto waliokuja kunywa maji waliyasoma pia, wakamwita kwa jina, wakamwonyesha jinsi wanavyorusha. Aliwaonyesha kwa kifundo namna ya kuushika mpira.

Jioni, kabla ya kufunga, mfanyakazi wa usafi hupita na dawa ya kioo na kitambaa, kwa sababu makasha ya maonyesho hayatakiwi kuwa na alama za vidole wala uchafu wowote. Huanzia kwenye ratiba za bia, halafu picha za sigara, halafu wale wanane. Kwa Orrin hufika mwisho. Hupuliza, hufuta mara mbili, akiwa ameinua macho kidogo ili wasitazamane.

Vernell hufika maktaba inapofunguliwa. Huondoa kifuniko cha kalamu kwa meno, maana mkono mwingine umeshika kiti.